Kukaba kwa Kola Si Ngeta, na Leo Tuambiane Ukweli

Wasee, leo sina vichekesho. Wale mmekuja kutafuta klipu ya mtu akianguka, pitieni tu, tutaonana wiki ijayo. Leo nataka tubishane, na nataka msome hadi mwisho kabla hamjaniandikia matusi.

Wiki mbili zilizopita tulifungiwa ukumbi. Ni ukumbi mdogo hapa Meru mjini, sitautaja, tulikuwa tunaukodisha Jumanne na Alhamisi jioni kwa mazoezi ya judo. Sisi ni watu 14. Wengi ni wa kampasi, wawili ni wa boda, na mmoja anauza viatu vya mitumba Gakoromone. Mikeka yetu ni ile ya povu, ya kuunganisha vipande. Tulifika Jumanne na mifuko yetu tukakuta kufuli mpya. Mwenye ukumbi akatoka, mzee mpole sana, akatuambia, "Vijana wangu, mimi sina shida na nyinyi. Lakini wazazi wamelalamika. Wanasema huku ndani mnafundishana ngeta."

Ngeta! Nilicheka kwanza. Halafu nikaona hacheki.

Usiku huo nilikasirika vibaya. Niliandika maneno mengi kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena. Nashukuru sikuyaposti, kwa sababu nilipotulia niligundua hao wazazi wamekosea jambo moja kubwa, na wamepatia jambo moja dogo, na hilo dogo linanihusu mimi. Nitafika hapo. Lakini nianze na lile kubwa.

Ngeta ni nini? Kila mtu aliyewahi kushuka matatu saa nne usiku anajua. Unatembea, simu mfukoni, halafu mkono unakuja kutoka nyuma na kukubana koo. Mwingine yuko mbele anakupekua. Watanzania wanaiita kabari, wengine roba. Jina lolote utakalolipa, kazi yake ni moja: usipige kelele, usipumue, wachukue vitu vyako. Kuna watu wameamka kwa mtaro bila viatu. Kuna ambao hawakuamka. Kwa hivyo mzazi akisikia kwamba mtoto wake anajifunza kubana watu shingo, simlaumu kwa kushtuka. Hata mathe wangu alishtuka.

Lakini baite, tusikilizane. Kushtuka si kujua.

Gusa shingo yako sasa hivi. Mbele kuna kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka ukimeza mate. Hapo ndipo hewa inapita. Sasa peleka vidole viwili pembeni, chini ya taya. Unasikia mdundo? Huo ni mshipa mkubwa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na uko na mwenzake upande wa pili. Ngeta inaponda pale mbele, kwenye njia ya hewa, kwa mfupa wa mkono. Ndiyo maana aliyepigwa ngeta anakohoa siku tatu na sauti inamkauka. Kukaba kwa kola, ukifanywa sawasawa, unaacha pale mbele na kubana pembeni, pande zote mbili kwa pamoja, kwa kutumia nguo ya mwenzako mwenyewe. Hakuna kuponda. Kola inazunguka shingo kama vile kola inavyotakiwa kuzunguka shingo, ila sasa imekazwa.

Na inafanya kazi haraka, sitawadanganya. Mtu akibanwa vizuri anaweza kuzirai ndani ya sekunde kama 10, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ukimwachilia mara moja, kwa kawaida anaamka baada ya sekunde chache akiuliza yuko wapi. Usipomwachilia, ubongo unaanza kuumia kwa kukosa damu yenye hewa, na dakika chache zinatosha kumaliza mtu. Kwa hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi ni mchezo wa pole. Ninachosema ni kwamba kila kitu katika mchezo huu kimejengwa juu ya kile kitendo cha kuachilia. Ngeta haina hicho kitendo. Mwizi anaachilia akishamaliza haja yake.

Hii si kitu tulianzisha juzi kwa sababu ya filamu. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882, na huyo hakuwa jambazi, alikuwa mwalimu wa shule. Alichukua mbinu za zamani za jujitsu, zile za kuumiza, akaondoa zile ambazo huwezi kufanya mazoezi nazo bila kuua mwenzako, akabakisha zile ambazo unaweza kuzifanya kwa nguvu zako zote leo, na kesho mkakutana tena mkasalimiana. Kukaba kulibaki. Fikiria hilo kidogo. Mwalimu wa shule aliangalia mbinu zote akaamua kwamba kukaba kwa kola kunaweza kubaki darasani, kwa sababu mwanafunzi ana njia ya kusema "imetosha" kabla hajaumia. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na kutoka kwake familia ya Gracie wakapata kile tunachokiita leo jujitsu ya Kibrazili. Judo ikaingia Olimpiki mwaka 1964. Kukaba kulikuwa ndani. Kuko ndani hadi leo.

Na kuko ndani kwa masharti. Kwenye mashindano ya judo huruhusiwi kukaba mtu kwa mshipi, wala kwa pindo la chini la koti, wala kwa vidole vitupu. Mshindani wa umri mdogo akizirai kwa kukabwa, siku yake imeisha, harudi ulingoni hata akisema yuko sawa. Nionyesheni mwizi wa Makutano mwenye masharti kama hayo.

Kuna kitu kingine mtu wa Pwani alinifunza kikanifurahisha. Kile kipande cha kitambaa kinachoshonwa shingoni mwa kanzu kinaitwa kaba. Na kubana mtu shingo ni kukaba. Na sisi wenyewe, magazeti yetu yakitaka kusema wanasiasa wanagombana, yanasema "washikana mashati". Kwa hivyo msiniambie ati hii ni tabia ya kigeni. Kiswahili kilishajua kwamba ugomvi unaanzia kwenye nguo. Judo imekuja tu kuuweka ugomvi kwenye mkeka na kumpa kila mtu nafasi ya kusema basi.

Sasa nije kwa hii kitu ya kusema basi.

Kwenye mkeka tunasema kugonga. Ukikabwa, unagonga mwili wa mwenzako au mkeka, mara mbili au zaidi, na yeye anaachilia. Mara hiyo hiyo. Haulizi kama uko serious. Hamalizii kwanza. Mikono ikikwama unagonga kwa mguu. Ukiweza kutoa sauti unasema. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na kocha wetu hakutufundisha hata kushika kola kabla hatujaigongea mpaka ikawa kama kupepesa macho. Wiki mbili nzima, wasee. Tulikuwa tunalala chini tukigonga mkeka kama watu wanaopiga ngoma. Niliboeka nikataka kuacha.

Halafu siku ya kwanza ya kukabana kweli, nikapewa msichana mmoja mfupi, kilo labda 50. Mimi nina 78. Nikajiambia huyu nitamhurumia. Akaingiza mkono wa kwanza ndani ya kola yangu, vidole vinne ndani, akausukuma polepole hadi nyuma ya sikio. Nikaona si kitu. Akaingiza wa pili upande mwingine, mikono imepishana kama msalaba. Bado nikaona si kitu. Halafu hakuvuta kwa nguvu, alikunja tu mikono kwa ndani, akashusha viwiko kwenye mbavu zake, akaleta kichwa chake karibu. Masikio yangu yakaanza kuvuma. Mwanga ukawa mdogo.

Na sikugonga.

Nilifikiria, mimi Mmeru nigonge kwa mtu wa kilo 50? Watu wanaangalia! Kocha ndiye alimwambia aachilie. Akaniinua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, hapa hakuna mtu atakupa medali ya kuzirai. Asiyejua kugonga simruhusu kukaba. Rudi pale pembeni." Nikarudi kugonga mkeka siku mbili nyingine, peke yangu, kama mtoto wa chekechea.

Nataka mfikirie hiyo pamoja na vile Kenya nzima inatuchekea. Mnajua utani. Mmeru na hasira. Mmeru na panga. Mmeru hakubali kushindwa. Hata sisi wenyewe tunaurudia tukijisifu, mimi pia nimetengeneza video za hivyo na zikapendwa sana. Sasa chukua kijana aliyelelewa kwa huo utani, mwambie kila Jumanne jioni aje mahali ambapo atashindwa mara kumi kwa saa moja, na kila akishindwa akubali kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wasichana, halafu amsalimie aliyemshinda. Ukitaka kupunguza hasira mjini, utampeleka wapi pengine? Nimeshindwa na watu wadogo kuliko mimi mara nyingi hadi sina tena haja ya kupigana na kondakta kwa sababu ya shilingi ishirini. Hiyo ndiyo faida nimepata. Mathe ameiona kabla yangu. Juzi aliniambia, "Siku hizi hupigi mlango ukitoka." Nilikuwa sijagundua.

Sawa. Sasa lile jambo dogo ambalo wazazi wamepatia.

Mnakumbuka ile klipu yangu ya mwezi wa nne, ile ya jamaa wa boda akizirai halafu anaamka na kuuliza abiria ameenda wapi? Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Mlicheka, nilicheka, ilisambaa kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Wacha niwaambie vile ilitengenezwa. Video yenyewe ilikuwa ya dakika moja na nusu. Ndani yake alichelewa kugonga, aliyekuwa anamkaba akamhisi amelegea akaachilia kabla ya kuambiwa, kocha akaja mbio, akamlaza ubavu, akamwangalia macho, akamwuliza jina lake na siku, halafu akamkataza kufanya mazoezi tena siku hiyo. Mimi nikakata yote hayo. Nikabakisha sekunde 15: kola, macho yanageuka, chini, anaamka, kicheko, muziki. Nilikata sehemu ya kuachilia kwa sababu ilikuwa inachelewesha kichekesho.

Mwezi uliofuata, mama mmoja alinitafuta. Kijana wake yuko shule ya bweni, sitasema ya wapi. Walikuwa wanafanya "ile kitu ya judo" bwenini usiku kwa kola za jaketi. Hakuna aliyejua kugonga. Hakuna aliyejua kwamba mtu akilegea unaachilia saa hiyo hiyo. Kijana alizirai akiwa amesimama, akaanguka akagonga kichwa kwa chuma cha kitanda. Alishonwa. Alipona, namshukuru Mungu. Mama hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulijua kuna sehemu ya kuachilia. Kwa nini hukuwaonyesha?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Nimeiondoa ile klipu, lakini mnajua vitu vya mtandaoni, bado inazunguka kwa simu za watu. Kama uko nayo, nakuomba uifute. Ile ni kazi mbaya na niliifanya mimi.

Kwa hivyo mzee wa ukumbi akisema wazazi wanaogopa, nusu ya hofu yao niliipika mimi mwenyewe. Lakini angalieni pia kilichotokea. Wale vijana wa bwenini hawakuumia kwa sababu mtu aliwafundisha kukaba. Waliumia kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Walipata nusu, ile nusu ya kuonyesha. Ukifunga ukumbi wenye kocha, mikeka na sheria ya kugonga, hujafunga klipu. Hujafunga bweni. Umefunga ile nusu nyingine peke yake.

Kuna mtu ataniambia, "Basi kama kuna hatari, si watu wote waache?" Nimefikiria hilo, na jibu langu ni kwamba ubaya wa kukaba shingo hauletwi na mchezo. Angalia New York, tarehe 17 Julai 2014. Polisi alimbana Eric Garner shingoni wakimkamata, kwa madai ya kuuza sigara rejareja. Polisi wa mji huo walikuwa wamekatazwa kubana watu shingo tangu mwaka 1993. Garner alisema hawezi kupumua mara 11. Akafa. Mara 11, wasee! Kwenye mkeka wetu, ukigonga mara mbili mtu amekuachilia. Ukisema mara moja mtu amekuachilia. Mahali ambapo neno la aliyeshikwa halina nguvu, hata mtu mwenye sare na mshahara na sheria iliyoandikwa anaua. Mahali ambapo neno la aliyeshikwa lina nguvu, msichana wa kilo 50 na jamaa wa kilo 78 wanakabana mwaka mzima na kurudi nyumbani wakila maembe.

Na nikisema msichana, nataka niwaambie kuhusu Embu.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka Embu kufanya mazoezi na wenzetu wa huko. Unapanda matatu asubuhi na mapema, Nkubu, Igoji, unashika kiti vizuri mkifika daraja la Nithi, Chuka, Runyenjes, ambako ni kwa kina mathe, halafu Embu. Wale wenzetu wengi ni wasichana wa kampasi. Nilikuwa nikifikiria wanakuja kwa sababu ya ngeta, kwamba wanataka kujua vile wataruka na kumtupa mwizi. Nikamwuliza mmoja wao. Akanicheka. Akasema, "Mwizi akija na mwenzake, nampa simu. Simu nitanunua nyingine."

Na yuko sahihi. Nisikieni wale mnaotaka kujifunza kukaba ili mpigane na wezi usiku: mtu akikuambia kwamba miezi mitatu ya judo itakufanya ushinde wezi watatu wenye kisu, huyo anataka pesa zako. Kitu mazoezi yatakupa ni kwamba mkono ukikugusa shingoni hutaganda. Utashusha kidevu, utashika ule mkono kwa mikono yako miwili na kuuvuta chini, utatafuta upande wa kiwiko ambako kuna nafasi. Kwa kola, utaweka mkono wako sikioni kama mtu anayepokea simu, ndio mwenzako asipate pande zote mbili. Hivyo ni vitu vya kweli. Lakini ni vya kukupa sekunde za kukimbia. Havikufanyi kuwa shujaa.

Nikamwuliza sasa kama si mwizi, anakuja kwa nini. Akafikiria, akasema, "Hapa ndipo mahali pekee nikisema wacha, mtu anaacha. Hata kama anashinda. Hata kama ni mkubwa." Halafu akaniambia kwamba jambo la pili lilimchukua muda zaidi: kuwa yeye ndiye ameshika, anashinda, damu imepanda, halafu mtu anagonga na mikono yake inafunguka yenyewe. Akasema hicho ndicho angetaka kila kijana wa Embu ajifunze kabla ya kumi na nane.

Mimi sina la kuongeza hapo. Wale mnaosema tunafundisha vijana ukatili, mjibuni yeye.

Sasa nimalize na maneno makali kidogo kwa kila upande, kwa sababu si wazazi peke yao wenye makosa.

Kwa wenzangu wa kutengeneza video: tuache hii upuzi ya kuposti watu wakizirai. Ukiposti kukaba, onyesha kugonga na onyesha kuachilia, hata kama inachelewesha. Kama video yako haiwezi kuvutia bila macho ya mtu kugeuka, kipaji chako kina shida. Na wale wa "changamoto ya kukabwa, nani atavumilia zaidi", mnacheza na ubongo wa watu. Kuvumilia kukabwa si ujasiri. Kola haijui kama wewe ni jasiri.

Kwa makocha: kuna wachache wenu mnaojionyesha kwa wanafunzi wapya. Mtu amegonga, unashikilia sekunde moja zaidi ndio ajue wewe ni nani. Tumewaona. Hiyo sekunde moja ndiyo tofauti yote kati yako na mtu wa ngeta, na umeipoteza mbele ya darasa lako. Watoto wadogo msiwafundishe kukaba kabisa, wana kuanguka na kutupana kwa kutosha miaka mingi. Na mtu akizirai, asirudi mkekani siku hiyo. Akilalamika baadaye kuhusu kichwa, macho, maumivu ya shingo, sauti au udhaifu upande mmoja wa mwili, mpeleke hospitali, usimpe chai.

Kwa vijana wa shule mnaosoma hii chini ya blanketi: msifanye bwenini. Si ati kwa sababu mimi ni mzazi wenu. Ni kwa sababu pale hakuna mkeka, hakuna anayeangalia, na aliyekushika ana miaka kumi na tano na anataka kuchekesha wenzake. Kola inaweza kungoja.

Kwa wazazi wa Meru: mmeogopa, na mna haki. Lakini mmefunga mlango bila kuufungua kwanza. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kukaa pale kwa benchi dakika kumi akaangalia. Kwa miaka mingi judo hapa Kenya imejulikana kama mchezo wa polisi, magereza na wanajeshi, na iko Nairobi zaidi. Sisi huku mlimani tulikuwa tumejaribu kuileta kwa watoto wenu kwa shilingi kidogo ya ukumbi na magwanda ya mitumba. Mengine ni ya karate, kola nyembamba, inararuka ukiivuta vizuri. Tunazishona upya. Mtu wa Gakoromone ndiye fundi wetu. Je, watu wa ngeta hushona kola za wenzao?

Kwa sasa tunafanya mazoezi kwa uwanja wa nyuma wa nyumba ya mmoja wetu, mikeka juu ya turubai, turubai juu ya nyasi. Mkijua baridi ya Meru jioni, mnajua tunavyoteseka. Mvua ikija tunakunja kila kitu na kusimama chini ya mabati tukibishana nani aligonga nani. Jumanne iliyopita mathe alikuja. Hakuniambia anakuja. Alisimama na leso yake mabegani, akaangalia nusu saa nzima bila kusema kitu. Aliona yule msichana mfupi akinikaba tena, ile ile ya msalaba, ile ile ninayoijua inakuja na bado nashindwa kuizuia. Niligonga. Aliachilia. Tukainama, tukasalimiana.

Mathe akauliza, "Na ukikosa kugonga?"

Yule msichana akamjibu kabla yangu, "Mama, mimi nitamwachilia hata hivyo nikisikia amelegea. Tulifundishwa kusikiliza kwa mikono."

Mathe akatikisa kichwa, akaenda kutuwekea maji ya chai.

Tunatafuta ukumbi. Paa tu na sakafu, nauli ya Embu tutajilipia wenyewe. Kama unajua mwenye nao, mwambie aje kwanza akae kwa benchi, aangalie, halafu aamue. Na kama wewe ni mzazi, njoo na kijana wako. Siku ya kwanza hatashika kola ya mtu. Atalala chini na kugonga mkeka hadi aboeke, na mimi nitakuwa pale pembeni nikimhesabia.